Mashua ya Tano

Barua ilitaka mashua tano majini, na klabu ilikuwa na watu wa kutosha mashua nne. Mwenyekiti Ludovick aliisoma mara mbili mbele ya banda la klabu, mara ya kwanza kwa sauti ya mkutano, mara ya pili kwa sauti ya mtu anayesoma majibu ya hospitali. Waliomsikiliza walikuwa wawili tu. Mmoja ni Evarista, katibu wa klabu na mtumishi wa ofisi za Bunge, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na viatu vyake vyeusi vimegeuka rangi kwa vumbi. Wa pili ni Elieza, mlinzi na fundi wa mashua, aliyesimama kando ameshika kofia yake mkononi.

"Iwapo klabu haitaonyesha kwamba mchezo wa tanga bado upo," Ludovick alisoma, "kwa mashindano ya mashua zisizopungua tano, zikiendeshwa na wanachama walioandikishwa kabla ya mwisho wa Juni, kiwanja kitarejeshwa kwa mamlaka ya bwawa kwa matumizi mengine." Alikunja karatasi. "Jumamosi ya wiki ijayo. Na wanaleta mgeni rasmi."

"Matumizi mengine ni baa," alisema Evarista.

Hakuna aliyembishia. Ng'ambo ya Bwawa la Chinyami muziki ulikuwa unapigwa tangu asubuhi, na boti za injini zilikuwa zinachora duara majini zikiwa zimebeba watu walionyoosha simu juu. Huku kwenye klabu palisikika mbuzi tu. Mbuzi hao walikuwa na tabia ya kulala juu ya wavu wa mashua, na Elieza alikuwa amechoka kuwafukuza.

Mashua zenyewe zilikuwa za mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa wavu, na tanga moja refu katikati. Wanachama waliziita katamarani. Wanakijiji wa Chinyami, ambao hawana muda na majina marefu, waliziita kandambili tangu siku zilipoonekana, na jina likaganda. Kulikuwa na Jumapili ambazo kandambili kumi na nane zilitoka kwa pamoja, za maofisa wa wizara, madaktari, wahadhiri wa chuo kikuu kule Chimwaga, na wake zao wakipiga kelele ufukweni. Halafu huyu akahamishwa, yule akastaafu, na wengine wakachoka tu bila sababu ya kumweleza mtu. Kuifunga kandambili mpaka iwe tayari ni kazi ya saa nzima. Kujifunza kutopinduka nayo ni mwaka. Boti ya injini unalipa, unakaa, unapigwa picha, unarudi kula kuku. Mwenye akili za siku hizi hakuhitaji kufikiri mara mbili, na wengi hawakufikiri hata mara moja. Zilibaki kandambili nane, tatu kati yake zikiwa zimepasuliwa na jua.

Elieza alikuwa akiishi na mkewe Dorkasi na binti yao Penina katika vyumba viwili ndani ya ua wa klabu. Shamba lake la Bahi alimwachia mdogo wake miaka kumi na tisa iliyopita alipopata kazi hii, na shamba ulilomwachia ndugu kwa miaka kumi na tisa huendi kuliulizia. Mahali pengine hakuwa napo. Kwa hiyo barua ile, ingawa haikumtaja, ilimhusu yeye kuliko wote waliotajwa.

"Tuhesabu tena," alisema Ludovick. "Mimi na mwanangu, mashua moja. Evarista na yule mhadhiri, mbili. Wanafunzi wanne, mashua mbili. Jumla nne."

"Fredy wa baa ya ng'ambo bado yumo kwenye orodha," alisema Evarista. "Akikubali, wa pili hatakosekana."

Wote wawili walimgeukia Elieza.

"Wewe ndiye uliyemfundisha," Ludovick akasema. "Wewe hawezi kukukatalia."

*

Kulizunguka bwawa kwa miguu ni mwendo wa saa moja na ushee. Elieza alifika kwenye baa ya Fredy akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na askari wa getini akamwelekeza mlango wa nyuma wanakoingizia mkaa. Alisubiri jikoni, amesimama, mpaka Fredy alipotokea mwenyewe, akashtuka, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote na kumshika mkono mpaka mezani kwa rafiki zake.

"Jamani, huyu ndiye mwalimu wangu," alisema. "Vikombe vyote vile mlivyoona nyumbani ni kazi ya huyu mzee. Mzee Elieza, hebu wafungie lile fundo lako la mkono mmoja."

Walimletea kamba ya kufungia turubai. Elieza alifunga fundo kwa mkono mmoja. Wakamwomba arudie kwa sababu simu ya mmoja wao haikuwa imeanza kurekodi. Akarudia. Wakamwomba atabasamu, akatabasamu. Mtu aliyekuja kuomba hana uso wa kuchagua.

Fredy alipomsikiliza hatimaye, pembeni, alitikisa kichwa kabla Elieza hajamaliza.

"Mzee wangu, sikudanganyi. Mara ya mwisho nimeshika tanga ni miaka sita. Nani ana saa nne za kukaa anasubiri upepo? Mimi mwenyewe naukumbuka ule mchezo, lakini naukumbuka kama shule. Huwezi kurudi shule."

"Ni siku moja tu, mwanangu. Hata ukishika mkia."

"Jumamosi nina harusi mbili hapa." Alifikiri kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Nitawapa boti. Bure kabisa, na dereva wake. Iwe ya uokoaji. Sawa?"

Alimtia Elieza noti ya elfu kumi kwenye mfuko wa shati na kuupigapiga mfuko. Elieza alirudi kwa mwendo uleule wa saa moja na ushee, na noti ile aliihisi mfukoni njia nzima. Alitamani kuitupa majini, ila nyumbani unga ulikuwa umeisha.

*

Dorkasi alikuwa mwanamke wa maneno machache makali. Alikuwa akikaanga perege kwenye kibanda cha getini, na biashara hiyo nayo ilikuwa imekufa pamoja na Jumapili zile. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho huku akigeuza samaki wawili, ambao wote walikuwa wa kuliwa nyumbani.

"Kwa hiyo watu wazima wenye digrii wameshindwa kupata watu wawili wa kukaa juu ya kandambili."

"Wanachama, mama Penina. Lazima wawe wanachama. Mwenyekiti amepata majina mawili yaliyolipiwa mpaka Desemba. Restuta yupo Mwanza, Octavian yuko masomoni. Anasema majina yapo, kinachokosekana ni viwiliwili."

"Ingia wewe."

"Mimi ninajulikana mpaka na mbuzi. Halafu nani atasukuma mashua, nani atapiga kengele? Obedi amekubali kuwa Octavian. Restuta ndiyo hakuna."

Obedi alikuwa mvuvi wa bwawani, jirani yao, aliyejua upepo kama mtu anavyojua madeni yake. Penina angeweza kuingia, lakini Jumamosi alikuwa na zamu ya usafi kwenye mabweni ya Chimwaga, na msimamizi wake hakuwa mtu wa kuombwa ruhusa. Dorkasi alikwishayapigia hesabu yote hayo kabla mumewe hajayasema.

"Huyo Restuta ni mnene au mwembamba?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Nijue fulana yake itanitosha."

Elieza alicheka, halafu akaona mkewe hacheki. Katiba ya klabu ilikuwa wazi kabisa kwamba mfanyakazi na jamaa zake hawawezi kuwa wanachama, na kwa miaka kumi na tisa Dorkasi hakuwahi kukanyaga wavu wa kandambili hata moja, ingawa aliyafua matanga yote.

Walianza kesho yake alfajiri, kabla jua halijachoma, upepo ukiwa mwepesi wa kupepesa majani tu. Obedi alishika usukani. Kazi ya Dorkasi ilikuwa kukaa upande wa upepo na kushika kamba ya tanga: kuivuta upepo ukilegea, kuiachia upepo ukizidi. Elieza alitembea ndani ya maji mpaka kifuani akiwaelekeza. Na ajabu ni kwamba mama huyu wa miaka hamsini na mitatu aliushika mchezo ule haraka kuliko maofisa wengi waliowahi kulipia mafunzo. Siku ya tatu mtumbwi mmoja uliponyanyuka kidogo na mashua kuanza kuteleza, alipiga kigelegele kilichowatoa bata kwenye matete. Elieza hakuwa amesikia sauti ile tangu walipooana. Alisimama majini akimtazama na kujiona mjinga kwa miaka yote ile ambayo hakumpandisha.

Kosa la Dorkasi lilikuwa moja. Alilelewa kwenye visima virefu, ambako mwanamke huviringisha kamba mkononi ili ndoo isimponyoke, na mkono wake haukukubali kusahau.

"Usiviringishe, mama Penina! Ishike tu."

"Kisimani ukiishika tu, umekosa ndoo."

"Hapa si kisimani. Upepo ukizidi lazima uiachie palepale."

Alifungua. Baada ya dakika kumi kamba ilikuwa imemzunguka mkono tena, bila yeye mwenyewe kujua.

*

Mashindano yalipangwa kuanza saa tatu asubuhi, na Elieza ndiye aliyeisisitiza saa hiyo. Upepo wa Agosti huku kwetu haujifichi. Asubuhi ni mpole, saa sita unaanza kupekua mabati, saa tisa unabeba ndoo. Kufikia saa mbili na nusu kandambili tano zilikuwa zimejipanga ufukweni, matanga yamepanda, wanachama wamevaa majaketi yao ya kuelea. Dorkasi na Obedi walikuwa wamevaa majaketi mawili ya klabu, ya rangi ya machungwa, ambayo ndiyo pekee yaliyobaki mazima stoo. Kwenye fulana ya Dorkasi paliandikwa namba na jina la Restuta. Evarista aliwaambia kwa sauti ya chini wasiongee sana.

Ofisa wa mamlaka ya bwawa, binti mmoja aitwaye Yasinta, alifika kwa wakati na fomu zake. Boti ya Fredy ilifika. Viti vya plastiki vilipangwa, kiti kimoja kikavishwa kitambaa. Kilichokosekana ni mtu wa kukikalia.

Saa nne alipigiwa simu msaidizi wa mgeni rasmi. Walikuwa wanamalizia shughuli nyingine mjini. Saa tano walikuwa njiani. Saa sita walikuwa bado njiani, na tanga la mashua ya Ludovick likaanza kujipiga kwenye mlingoti.

"Mwenyekiti," alisema Elieza, "tungewaachia wakimbie sasa. Mgeni akija tutamwonyesha washindi."

"Elieza. Fomu inataka saini yake kwamba ameshuhudia. Atashuhudia nini, vikombe?"

"Upepo unakuja, mzee."

"Na mgeni anakuja."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuja saa nane na dakika arobaini, na magari matatu, na watu watano. Aliomba radhi kwa ukunjufu, akapewa maji, akasimama kuhutubia. Alizungumzia utalii wa ndani na afya, na umuhimu wa vijana kuwa wabunifu, huku vumbi likipita kati yake na wasikilizaji wake na kitambaa cha kiti kikipeperuka mpaka Evarista akakikalia. Alikuwa mtu mwenye heshima zake. Hakuna aliyemwambia kwamba kila dakika aliyokuwa akizungumza ilikuwa na bei, na yeye hakuwa wa kujua.

Alipomaliza, msaidizi wake alipendekeza kwamba mgeni na ujumbe wake wafuatilie mashindano kutoka kwenye boti. Picha zingependeza. Boti ilikuwa na majaketi manne. Wageni walikuwa sita. Dereva akasema pasipo jaketi mtu hapandi, hiyo ndiyo amri ya tajiri yake.

Ludovick alimtazama Elieza. "Mawili zaidi," alisema.

"Stoo yapo mabovu tu, mzee. Sponji imeoza."

"Mgeni hawezi kuvaa bovu, Elieza."

Hakusema zaidi ya hapo, na kwa kweli hakuhitaji. Miaka kumi na tisa ya kuitikia "ndiyo mzee" humfunza mtu kumalizia mwenyewe amri ambayo haijasemwa. Elieza aliingia stoo akatoka na majaketi mawili yaliyofifia, akaenda moja kwa moja ilipokuwa mashua ya tano. Obedi alivua lake mara moja, maana kwenye mtumbwi wake hakuwahi kuvaa chochote. Dorkasi alimtazama mumewe.

"Hata mimi?"

"Ni nusu saa tu. Nitakurudishia mkifika."

"Baba Penina, maji haya leo si yale ya asubuhi."

"Najua."

"Unajua."

Mikono yake ilikuwa imeshika kamba, kwa hiyo Elieza alimfungua vifungo yeye mwenyewe, kimoja kimoja, vitatu. Alimvalisha lile bovu ili watu wasione mtu asiye na jaketi, akalifunga vizuri. Lilinuka panya. Halafu alilikung'uta lile jaketi zuri vumbi, akampelekea msaidizi wa mgeni, ambaye alilisifu kwa rangi yake.

*

Zilitoka zote tano. Elieza alipiga kengele, kipande cha chuma cha reli kilichoning'inizwa, akazihesabu zikivuka mstari: moja, mbili, tatu, nne, tano. Yasinta naye alizihesabu kwa kalamu. Kwa muda wa dakika chache mandhari yalikuwa mazuri mno, matanga matano yamejaa juu ya maji ya kahawia, na mtu ambaye hakuzijua enzi za nyuma angeweza kuamini kwamba mchezo ule una wenyewe.

Boti ya mgeni ilikwenda nazo mpaka boya la kwanza, halafu ikakata kuelekea kwenye ukuta wa bwawa, kwa kuwa mgeni alitaka kupigwa picha na ukuta nyuma yake. Upepo wa saa tisa na robo uliwakuta wenye mashua peke yao.

Elieza aliuona kabla haujafika. Uliyageuza maji meusi, ukaja. Mashua ya Ludovick iliinama, ikanyooka. Za wanafunzi ziliachia matanga yakapigapiga hewani. Mashua ya tano ilinyanyua mtumbwi mmoja, ikaendelea kunyanyua, na tanga halikuachiwa. "Achia!" Elieza alipaza sauti, umbali ambao hata bunduki isingesikika kwa upepo ule. "Achia kamba!" Mlingoti ulilala juu ya maji, kisha mashua yote ikageuka, ikabaki mitumbwi miwili tu imetazama juu.

Alirukia mtumbwi wa kuvulia uliokuwa karibu na kupiga kasia. Mwendo ule ulimchukua robo saa. Boti ya injini ingechukua dakika moja, lakini dereva alikuwa amezima injini ili picha zisitikisike.

Alimkuta Obedi ameng'ang'ania usukani, anatapika maji, na alichokisema Obedi siku hiyo ndicho alichokirudia baadaye kwa kila aliyemuuliza. Kamba ilikuwa imemshika Dorkasi mkono. Alijinasua mwenyewe, chini ya maji, kwa nguvu zake. Alitoka juu. Aliita mara moja, upande wa pili wa mtumbwi, na Obedi akaanza kuuzunguka. Lile jaketi lilikuwa limenyonya maji kama godoro. Obedi alipofika upande wa pili hapakuwa na mtu.

Wavuvi walimpata kesho yake saa nne asubuhi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umechunwa ngozi, na haukuwa na kamba.

*

Mgeni rasmi alituma rambirambi na mchele wa msiba, na fomu aliisaini pale pale siku ile, kabla habari haijafika ufukweni, kwamba ameshuhudia mashua tano. Kilichobaki ni Yasinta kurudi baada ya wiki moja kuhakiki majina.

Siku mbili kabla ya hapo Ludovick alikuja nyumbani kwa Elieza, akaketi kwenye kigoda, suruali yake nzuri na yote. Alikuwa amekonda. Siku ya maziko alilia msibani, na hakulia kwa kuigiza.

"Elieza, ndugu yangu, nitasema jambo gumu. Kwenye karatasi, mashua ya tano ilikuwa na Restuta na Octavian. Wote walirudi salama. Mama Penina aliteleza akisuuza samaki. Ukilisema hivyo, kiwanja kinabaki, na nyumba hii nakuandikia iwe yako mpaka unazeeka. Nimeshaongea na Evarista."



"Na ukisema alikuwamo," Ludovick aliendelea, sauti imeshuka, "watauliza jaketi. Watauliza nani alilitoa, nani alilichukua. Mimi sikukutamkia umvue yeye. Sitaki uingie kwenye hayo. Nakuonea huruma."

Alikuwa anasema kweli kwa yote mawili: hakutamka, na alimwonea huruma. Hapo ndipo ubaya wa jambo lile ulipokaa. Uongo ule ulimfaa Elieza kuliko mtu yeyote. Kama Dorkasi aliteleza akisuuza samaki, basi hakuna aliyemfungua vifungo, na Penina asingekuwa na haja ya kujua. Penina aliamini kwamba mama yake alitoka na jaketi la rangi ya machungwa, kwa maana ndivyo alivyomwona alipoondoka kwenda zamu asubuhi ile, na kwa wiki nzima alikuwa akiuliza wanaolala matanga jinsi jaketi zima linavyoweza kumwacha mtu azame. Wanaojua waliinamisha vichwa.

Siku ya uhakiki walikaa bandani, Yasinta, Ludovick na Evarista upande mmoja wa meza, Elieza na Penina upande wa pili. Yasinta alitoa pole kwanza, kisha akasoma majina mashua kwa mashua, na kila jina Evarista akaitikia "ndiyo" bila kuinua uso.

"Mashua ya tano. Restuta na Octavian."

"Ndi—" alianza Evarista.

"Siyo," alisema Elieza. "Alikuwamo Obedi, mvuvi. Na Dorkasi Ndahani, mke wangu."

Ludovick alifumba macho. Yasinta aliangalia fomu, akaangalia dirishani maji yalipo, akarudi kwenye fomu. Alikuwa na umri wa Penina.

"Marehemu alikuwa mwanachama?"

"Hapana."

"Na huyo Obedi?"

"Hapana."

"Basi mashua zilikuwa nne, mzee."

"Zilikuwa tano. Nilizihesabu, na wewe ulizihesabu."

"Kwa mujibu wa barua zilikuwa nne." Alikata namba moja kwa mstari, akaandika nyingine juu yake. "Samahani sana."

"Andika na hili," alisema Elieza. "Alikuwa amevaa jaketi zima. Nilimvua mimi, nikampa mgeni. Nikamvalisha bovu. Vifungo nilivifungua mimi kwa mikono yangu."

Penina alimgeukia. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, tangu usoni mpaka mikononi, kisha akasimama, akakirudisha kiti mahali pake, akatoka.

Yasinta aliigeuza fomu upande wa pili, akaupitia wote kwa kidole kama anayetafuta kweli. "Hii ni ya kiwanja tu, mzee," alisema. "Hilo halina pa kuandikwa."

Ludovick alikuwa ameweka kiganja usoni. Nje boti ya injini ilipita karibu na muziki wake, ikaenda. Yasinta alisubiri, akijaribu kupata namna nzuri ya kuuliza jambo la mwisho lililokuwamo kwenye fomu, akaikosa.

"Mtahitaji siku ngapi kuhama?"

Elieza aliutazama mlango aliotokea Penina. Akasema hawezi kujibu bado, maana hajui kama wanaohama ni wawili au ni mmoja.